"Mjini Iko Poa, Barabara Kuu Inachemsha": Uanzie Wapi?

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu tunafundishwa kupima kwanza mwanafunzi anakwama wapi, ndipo tumfundishe. Gari linalochemsha nalo linataka hivyo hivyo.

Chukua Land Rover 109 ya mjomba wangu, pale Nyamwage. Sokoni Ikwiriri, watu na bodaboda wamejaa, geji ya moto inakaa katikati. Ukishavuka Daraja la Mkapa na kushika 80, mshale unapanda hadi kwenye nyekundu. Ukirudi 40, unashuka. Fundi wa kwanza alisema feni. Wa pili alitaka kufungua silinda hedi, kazi ambayo ingemaliza pesa ya korosho, pamoja na ada ya binamu yangu.

Hebu tufikiri. Feni inavuta hewa gari likisimama au likienda taratibu. Ukiwa 80, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta. Feni mbovu huchemsha gari kwenye foleni. Dalili zetu ni kinyume.

Sasa mwendo unabadilisha nini? Mwendo ukiongezeka mara 2, nguvu inayotumika kupambana na upepo huongezeka mara 8. Injini inatoa joto jingi, na maji yanatakiwa kuzunguka vizuri. Palipoziba kidogo, mwendo mdogo hauonyeshi. Mwendo mkubwa unaumbua.

Kwa hiyo kagua kuanzia cha bure kwenda cha ghali:

1. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, angalia maji na mpira wa mfuniko. Mfuniko unaoshika presha ya bar 0.6 hufanya maji yachemke karibu nyuzi 113 badala ya 100. Usifungue ikiwa ya moto, utababuka.

2. Tazama uso wa rejeta: tope, majani, wadudu.

3. Mwenzako akanyage mafuta, wewe tazama mpira wa chini wa rejeta. Ukibonyea na kuwa bapa, wotapampu inakosa maji.

4. Zima injini iliyopata moto, subiri kidogo, papasa rejeta kwa uangalifu. Ukikuta mabaka ya baridi, imeziba ndani.

5. Tumbukiza thamostati kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Isipofunguka, badilisha. Usiitupe tu na kuacha nafasi wazi.

6. Gasketi na silinda hedi viwe vya mwisho.

Sisi tulifika namba 3. "Mjomba, kanyaga tena," nikamwambia. Mpira ukabonyea mbele ya macho yetu. Waya wa ndani unaouzuia usijibane ulikuwa umeoza kwa kutu.

"Kumbe mpira tu, mjomba!" akacheka.

Tukafunga mpya, tukaenda hadi darajani na kurudi kwa 80. Mshale haukupita katikati. Binamu yangu amesharipoti shule.

Gari likikuchemkia, uliza kwanza: linachemka wapi, na lini? Spana baadaye.