Ukali na Limbikizo: Istilahi za Upimaji wa Kikemia wa Miali ya Urujuanimno Baharini

1.0 Utangulizi
Miali ya urujuanimno itokayo kwenye jua hupenya tabaka za juu za bahari na huweza kudhuru viumbe waishio humo. Katika kuipima, wanasayansi hutumia ala za kielektroniki au njia za kikemia. Makala hii inadai kwamba kuziita zote "kipimamwanga" kunaficha tofauti ya msingi baina yake.

2.0 Njia ya kikemia
Mfano mzuri ni njia iliyoelezwa na Jankowski, Kieber na Mopper mwaka 1999. Myeyusho wenye naitreti au naitraiti pamoja na asidi ya benzoiki hutiwa katika mirija ya kwatsi, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia miali mifupi. Mirija hiyo huweza kuning'inizwa katika vina mbalimbali. Miali inapoivunja naitreti au naitraiti, huzalika haidroksili huru, ambayo huigeuza asidi ya benzoiki kuwa, miongoni mwa mazao mengine, asidi ya salisiliki. Zao hili hung'aa linapomulikwa maabarani, na mng'ao huo huonyesha wingi wake. Naitreti huitikia hasa mawimbi ya takriban nanomita 311 hadi 333. Naitraiti, 330 hadi 380.

3.0 Suala la istilahi
Ala ya kielektroniki husoma ukali wa wakati uleule. Jumla hupatikana kwa hesabu. Myeyusho, kwa upande wake, huhifadhi jumla ya athari tangu ulipozamishwa hadi ulipoopolewa. Mwanafunzi asiyetofautisha mambo haya anaweza kuichukua jumla ya saa sita mfululizo kuwa ndio ukali wa saa sita mchana. Isitoshe, umbo la ki- katika "kipima-" huashiria ala, ilhali hapa kinachopima ni kemikali inayobadilika yenyewe.

Lugha ya kila siku tayari inazitenga dhana hizi: "jua kali" si sawa na "kushinda juani". Kwa msingi huo, yanapendekezwa "ukali wa miali", "limbikizo la miali" na "myeyusho pimamiali". Istilahi ya mwisho inaufaa pia myeyusho wa ferioksaleti wa Hatchard na Parker (1956). Hata hivyo, huo huitikia pia sehemu ya mwanga uonekanao. Hivyo jina la kemikali sharti liambatishwe.

4.0 Hitimisho
Istilahi ya kipimo haina budi kubainisha kinachopimwa na namna kinavyopimwa. Bila hivyo, tarakimu sahihi huweza kusomwa visivyo.