Kabla ya Kujenga Kituo cha Kulelea Watoto: Vibali na Zabuni za Wakandarasi

Somo hili limeandaliwa kwa familia za Washington, D.C. na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia zinazokusudia kulea watoto nyumbani au katika jengo la kukodi. Hasara kubwa humpata mtu anayetia sahihi mkataba wa pango na kumlipa mkandarasi kabla ya kujua kama jengo lenyewe litakubaliwa. Kodi huendelea kudaiwa ilhali hakuna mtoto aliyeandikishwa. Kwa hiyo, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Anza na ofisi ya leseni
Katika D.C., leseni ya malezi ya watoto hutolewa na OSSE, ofisi ya elimu ya mji. Katika Maryland na Virginia hutolewa na idara ya elimu ya jimbo. Virginia iliihamishia huko kazi hiyo tarehe 1 Julai 2021. Uliza idadi ya watoto inayoruhusiwa, nafasi inayotakiwa kwa kila mtoto, vyoo, njia za kutokea wakati wa moto na mahali pa kuchezea. Majibu hayo ndiyo yatakayomwongoza mchoraji wa ramani.

2. Omba vibali vya ujenzi
Katika D.C., vibali hutolewa na Idara ya Majengo (DOB), iliyoanza kazi Oktoba 2022. Nje ya D.C., nenda katika ofisi ya kaunti au ya mji wako, kama vile Montgomery, Prince George's, Fairfax au Alexandria. Jengo lililokuwa duka au ofisi huenda likahitaji kwanza ruhusa ya kubadilishiwa matumizi. Usibomoe ukuta wala kugusa nyaya za umeme au mabomba kabla ya kupata kibali. Kumbuka pia kwamba kibali cha ujenzi si leseni ya kupokea watoto.

3. Chunguza rangi ya zamani
Marekani ilipiga marufuku rangi yenye madini ya risasi katika nyumba za kuishi mwaka 1978. Rangi ya jengo la kabla ya hapo ikikwanguliwa, vumbi lake hutua sakafuni. Mtoto anayetambaa hutia mikono kinywani, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwake. Tangu Aprili 2010, kanuni ya shirikisho inataka kazi ya namna hii ifanywe na kampuni yenye cheti cha EPA. Dai kuona cheti hicho. Vilevile, pima maji ya bomba.

4. Linganisha zabuni
Omba zabuni tatu zilizoandikwa, na wape wakandarasi wote maelezo yaleyale ya kazi. Kila zabuni itaje vifaa, muda, bima, ratiba ya malipo na nani atakayeshughulikia vibali.

Tuchukue mfano. Mmoja ataka dola 24,000, mwingine dola 18,000. Ikiwa wa pili hakuhesabu ada za vibali, ving'ora vya moto wala kinga dhidi ya vumbi la risasi, gharama hizo zitakurudia wewe baadaye. Bei yake si nafuu, haijakamilika tu.

Hakiki leseni ya mkandarasi: DLCP katika D.C., MHIC kwa ukarabati wa nyumba Maryland, na DPOR katika Virginia. Jihadhari na anayekuomba uchukue kibali kwa jina lako ili kuficha kwamba hana leseni. Katika Maryland, mkarabati wa nyumba haruhusiwi kudai malipo ya awali yanayozidi theluthi moja ya bei. Kwa kazi ya dola 18,000, hayo ni dola 6,000. Bakiza malipo ya mwisho hadi kazi ipite ukaguzi, na kila badiliko liandikwe na kutiwa sahihi. Mali bila daftari huisha bila habari.

5. Omba mkalimani
Sheria ya D.C. ya mwaka 2004 inazitaka ofisi za mji kuwapatia mkalimani bila malipo wasiojua Kiingereza vizuri. Sema, "Naomba mkalimani wa Kiswahili." Usitie sahihi karatasi usiyoielewa.