Vesalius na Somo la Muundo wa Mwili

Mwanzoni mwa karne ya 16, katika vyuo vikuu vya Ulaya, somo la muundo wa mwili lilihitaji watu watatu. Mwalimu aliketi juu ya kiti kilichoinuliwa akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa Kiyunani aliyefariki zaidi ya miaka 1,200 kabla yake. Kinyozi alipasua maiti, maana siku hizo vinyozi ndio waliokuwa wapasuaji. Wa tatu alionyesha kwa fimbo kiungo kilichotajwa. Maiti ilipokikanusha kitabu, kitabu ndicho kilichoaminiwa.

Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels, alianza kufundisha huko Padua, Italia, mwaka 1537, akiwa kijana wa miaka 22. Alishuka kitini, akashika kisu mwenyewe. Maiti nyingi zilikuwa za watu waliohukumiwa kifo. Jambo hilo tusiwafiche wanafunzi.

Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika michoro aliyoichapisha mwaka 1538 alitia mtandao wa mishipa midogo chini ya ubongo, kwa sababu Galen aliutaja. Mtandao huo wanao kondoo na ng'ombe, binadamu hana. Ilimchukua miaka mitano kuukana, katika kitabu chake kikubwa kilichochapishwa Basel mwaka 1543. Wala Galen hakuwa mjinga: alipasua wanyama kwa kuwa kupasua binadamu hakukuruhusiwa katika Roma ya zama zake.

Twapendekeza mwalimu aanzie kwenye mfupa, si kwenye tarehe. Aombe buchani taya la chini la mbuzi, alichemshe mpaka nyama itoke, kisha awape wanafunzi walishike. Mara nyingi litaachana kidevuni, vipande viwili, kama Galen alivyoandika juu ya taya la binadamu. Ndipo awaonyeshe mchoro wa taya la mtu mzima: mfupa mmoja. Asiharakishe kueleza. Swali la kwamba Galen alikuwa akitazama nini wataliuliza wenyewe, endapo mwalimu ataweza kunyamaza dakika chache (na kunyamaza ni kazi ngumu kwetu walimu).

Jacobus Sylvius, aliyemfundisha Vesalius huko Paris, alishikilia kwamba Galen hakukosea. Mwili wa binadamu ndio uliobadilika tangu siku zake. Dai hilo liandikwe ubaoni mwanzo wa kipindi cha pili, na wanafunzi waeleze wangelichunguzaje.