Ngozi Inapovimba Baada ya Sindano ya Baridi Yabisi

Sisi wenye baridi yabisi tunaojichoma etanasepti nyumbani tunaijua hali hii: sindano imeingia vizuri, kesho yake mahali pale pamevimba, pamekuwa pekundu na panawasha hata usingizi haupatikani. Wapo wanaotaka kuacha dawa kwa sababu hiyo. Mimi nakaa Kilwa Masoko, na ninasema usiache. Hali hiyo hutokea zaidi mwezi wa kwanza wa kutumia dawa, kwa kawaida hudumu siku 3 hadi 5, na baadaye hupungua.

Kazi kubwa iko kabla ya sindano. Dawa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, na ukijichoma ikiwa baridi huuma zaidi. Itoe mapema, iache mezani kama nusu saa, kifuniko kikiwa mahali pake. Usiianike juani wala usiitie kwenye maji moto. Ukishajipangusa spiriti, subiri ngozi ikauke yenyewe, maana spiriti ambayo haijakauka huchoma na kuwasha.

Halafu badilisha sehemu. Leo paja la kulia, wiki ijayo la kushoto, inayofuata tumboni, mbali na kitovu kwa sentimita 5. Mimi naandika kwenye kalenda ya ukutani. Penye kovu, ugumu au wekundu wa juzi sipagusi. Wanawake wenzangu wa pwani, epukeni na pale mnapofungia kanga: pana jasho na msuguano kutwa nzima.

Pakishavimba, tafuta barafu. Mji wa wavuvi haukosi barafu. Ifunge kwenye kitambaa safi, weka dakika 10, ondoa. Isiguse ngozi moja kwa moja. Shangazi zangu, kwa mapenzi yao, hutaka kunichua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, ndivyo tulivyolelewa. Magoti nawaachia. Mahali pa sindano hapachuliwi, kwani kusugua kunazidisha uvimbe. Pakiwasha sana, muulize mfamasia kuhusu setirizini au krimu ya haidrokotisoni.

Sasa yasiyo ya kuvumilia. Dawa hii hupunguza kinga ya mwili, kwa hiyo wekundu unaozidi kutambaa, usaha au homa ni vya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo, na usijichome tena kabla ya kuonana na daktari. Midomo au uso ukivimba, vipele vikitapakaa mwili mzima, au pumzi ikibana, usingoje kupambazuke. Walio Lindi mjini wanayo hospitali ya Sokoine. Sisi wa Kilwa hospitali yetu ya wilaya, Kinyonga, iko Kivinje, na kutoka Masoko au vijijini si karibu. Tafadhali, kabla ya sindano yako ijayo, hifadhi kwenye simu namba ya dereva anayepokea usiku, na mwoneshe mtu mmoja wa nyumbani namba hiyo.