Jiko la mkaa chumbani na kichwa cha asubuhi

*Daktari, naishi Lushoto. Msimu huu wa baridi tunalala na jiko la mkaa ndani. Asubuhi mimi na watoto tunaamka vichwa vinauma, mdogo hutapika. Jirani anasema ni hewa nyepesi ya milimani. Ni kweli?*
Mama, Lushoto

Mama, milima ya Usambara haina kosa. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na mwenyeji haumwi kichwa kwa kimo hicho. Ninalolihofia ni jiko. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Hata oksijeni iliyobaki haiachiliwi kwa urahisi kwenye ubongo na moyo.

Kuanzia leo jiko lilale nje, hata makaa yakiwa yamefifia. Dirisha lililo wazi kidogo halitoshi. Mdogo mpeleke leo akapimwe. Apimwe malaria pia, kwani nayo hutapisha. Anayechanganyikiwa, kusinzia kupita kawaida au kuzimia, mtoeni nje na mumkimbize hospitali akapewe oksijeni. Semeni wazi kwamba mlilala na jiko, kwa sababu kipimo cha kidoleni kinaweza kuonyesha oksijeni inatosha wakati haitoshi. Kama una mimba, usingoje dalili zizidi ndipo uende hospitali.