Kolamu tupu isikutie hasara: weka chaguo-msingi kwenye jedwali la oda



Tuseme uko Mtendeni, Tabora mjini, unauza asali WhatsApp na Instagram. Siku oda zikimiminika unaandika chap chap: jina, aina, kituo. Kolamu ya malipo unaiacha. Jioni unakuta mistari sita iko tupu. Nani amelipa, nani bado? Ukikisia vibaya, ama unatuma mzigo bure, ama unamdai mtu aliyeshalipa.

Dawa yake inaitwa chaguo-msingi: thamani inayojiandika yenyewe kwenye kolamu pale ambapo wewe hukuijaza. Kwenye MySQL inakaa hivi:

CREATE TABLE oda (
namba INT AUTO_INCREMENT PRIMARY KEY,
mteja VARCHAR(60) NOT NULL,
aina VARCHAR(30) NOT NULL,
kituo VARCHAR(40) NOT NULL,
bei INT,
lita INT NOT NULL DEFAULT 1,
malipo VARCHAR(20) NOT NULL DEFAULT 'hajalipa',
imeingia TIMESTAMP DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP
);

Sasa ukiingiza mteja, aina na kituo tu, jedwali linajaza lenyewe: lita 1, hajalipa, pamoja na tarehe na saa ya oda. Ila kuna mambo matano ya kuzingatia.

1. Chagua thamani ambayo ikikosea haikuumizi. Ukiweka 'hajalipa' na kumbe kalipa, utaangalia meseji ya muamala, basi. Ukiweka 'amelipa' na kumbe bado, mzigo umeshapanda treni.

2. Pasipo na jibu la kawaida, usiweke kitu. Tabora ni njia panda toka zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikifika hapa iligawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini Karagwe na Buganda. Reli ilifika 1912, na leo mzigo unaweza kwenda Dar, Mwanza, Kigoma au Mpanda. Ukiweka 'Dar' kuwa chaguo-msingi la kituo, siku ukisahau kujaza, asali ya mteja wa Mpanda itaandikwa Dar na hutashtuka. Ndiyo maana kituo kina NOT NULL bila DEFAULT: ukikiruka, MySQL inakataa oda mpaka ukijaze. Aina nayo ni hivyo hivyo. Asali ya nyuki wadogo na ya nyuki wakubwa bei zake si moja.

3. Bei isiwe 0. Sifuri inaonekana kama bei halali, kumbe ni oda ambayo haijawekewa bei. Ukipiga wastani wa mauzo, inaushusha. Bora ibaki NULL, utaiona na utaijaza.

4. Chaguo-msingi halirudi nyuma. Kama jedwali unalo tayari:

ALTER TABLE oda ALTER malipo SET DEFAULT 'hajalipa';

Hii inahusu oda zitakazoingia kuanzia sasa. Za zamani zitabaki tupu. Zitafute kwa WHERE malipo IS NULL, kisha linganisha moja moja na meseji za miamala. Usizibadilishe zote kwa mkupuo, humo wamo waliolipa.

5. Nafasi tupu si sawa na kutotuma kitu. Fomu yako ikituma '' kwenye kolamu ya malipo, jedwali linahesabu kwamba umejaza, na chaguo-msingi halifanyi kazi. Mwambie fundi wako: kisanduku kisipojazwa, kolamu hiyo isitumwe kabisa.

Unatumia daftari? Kanuni ni ile ile. Andika "hajalipa" pale pale oda inapoingia, ukate hela ikishaonekana kwenye simu.

Kazi ya leo: pitia kolamu zako moja moja, jiulize, "Nikisahau hii, nani ataumia?" Jibu ndilo litakuonyesha pa kuweka chaguo-msingi na pa kulazimisha kujaza.

Sevu post hii, mtumie na muuzaji mwenzako. Umekwama wapi? Weka kwenye komenti tusaidiane.