TAA YA STOPU HAIWAKI: ANZIA KWENYE PEDALI



Wengi kati yetu siku hizi tuko na moto ya magurudumu matatu nyumbani. Wewe unashuka kazini, na mdogo wako au mtoto wa dada yako anaizungusha mchana kutwa: magunia ya unga kutoka soko la Kenya, makala, simenti, na mara nyingine watu. Pesa hiyo inalipa masomo ya watoto, na mimi sitaisema vibaya. Nataka tuzungumze juu ya kidude kimoja kidogo kilicho karibu na pedali ya freni, kwa sababu kidude hicho kiliniletea mgonjwa.

Ilikuwa jioni ya kiangazi, wakati ule jua limekwisha shuka na vumbi bado liko hewani. Mgonjwa alikuwa ameketi nyuma ya moto, juu ya ukingo wa sanduku la mizigo, miguu ikining'inia. Shofere aliona shimo, akakanyaga freni, moto ikasimama vizuri. Gari lililofuata halikusimama. Mguu wa kulia ulibanwa kati ya gari na sanduku, mfupa wa muundi ukavunjika mahali pawili. Shofere wa moto alikuwa analia mlangoni: «Freni yangu ni nzima, Docta, ni nzima kabisa!» Mwenye gari naye alisema: «Sikuona kitu.» Wote wawili walisema kweli. Freni ilikuwa nzima. Taa ya stopu ndiyo ilikuwa imekufa, na shofere hakujua, kwa maana anatazama mbele na taa iko nyuma yake.

Fanya hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilometa 40 kwa saa linapita metre 11 hivi katika kila sekunde. Mtu anayeona taa nyekundu ikiwaka mbele yake anahitaji karibu sekunde moja kabla mguu wake haujagusa freni. Asiyeiona anangoja mpaka atambue kwamba moto inazidi kukaribia, na ndani ya vumbi anatambua kwa kuchelewa.

Mimi ni msaidizi wa daktari, si mekanisiye. Haya nilifundishwa na fundi mmoja wa garaji, na nimeyafanya kwa mikono yangu kwenye moto ya shemeji yangu. Nimeona kazi hii inafanana na yetu ya dispensere: mtu akija na homa hatumpi dawa ya malaria kabla ya kupima damu. Vilevile usikimbilie kununua ampule mpya kabla ya kujua ugonjwa uko wapi.

Kwanza uelewe namna inavyofanya kazi. Kwenye moto nyingi za mizigo, pedali imefungwa kwa springi nyembamba, na springi imeshika kijiti cha kontakta. Kontakta ni kama mlango wa umeme. Ukikanyaga, springi inavuta kijiti, mlango unafunguka kwa umeme kupita, taa inawaka. Ukiachilia, kijiti kinarudi. Kontakta ya pili iko kwenye mkono wa freni ya mbele, na zote mbili zinawasha taa ile ile. Hapo ndipo penye njia yako ya kutafuta.

Washa kontakti kwa ufunguo. Mtu mzima asimame pembeni mwa moto, si nyuma yake, aangalie taa. Vuta freni ya mkono peke yake. Halafu achilia, ukanyage pedali peke yake.

Taa ikiwaka kwa mkono na kukataa kwa pedali, basi ampule ni nzima, fizibu ni nzima, na waya za kwenda nyuma ni nzima. Usiguse vitu hivyo. Ugonjwa uko kwenye pedali. Inama utazame springi: je, imekatika, imelegea, imetoka kwenye tundu lake? Moto ya yule mgonjwa wangu, walipoifungua, springi ilikuwa imekatika zamani na mtu aliweka mahali pake kipande cha waya mgumu. Waya haulegei. Kila mara pedali ilipokanyagwa mpaka chini, waya ulivuta kijiti kupita kipimo, mpaka kikang'oka ndani ya kontakta. Springi ni kitu cha bei ndogo sana.

Kama springi ni nzuri, chomoa waya mbili za kontakta ya pedali, hizo mbili tu, na uunganishe ncha zake kwa muda mfupi huku kontakti iko wazi. Taa ikiwaka, kontakta imekufa, imejaa tope, au haikurekebishwa vizuri. Isipowaka, waya umekatika kabla ya kufika pale, au unapotoka pale kwenda kujiunga na ule wa mkono.

Kurekebisha ni kwa nati iliyo kwenye mwili wa kontakta. Shika mwili kwa mkono mmoja na zungusha nati kwa mkono wa pili. Wengi wanazungusha mwili wenyewe, na waya zinajisokota mpaka zinakatika. Lakini kabla ya nati hiyo, rekebisha freni yenyewe. Pedali inatakiwa kuwa na mchezo kidogo, mara nyingi kama santimetre 2 au 3 kwenye ncha, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho kinachoamua. Taa iwake pale mchezo unapokwisha, kabla freni haijaanza kushika.

Taa ikikataa kwa mkono na kwa pedali pia, hapo sasa tazama ampule. Mara nyingi ina nyuzi mbili ndani, ya wati 5 kwa taa ya usiku na ya wati 21 kwa stopu. Kwa hiyo taa nyekundu ya usiku inaweza kuwaka vizuri na stopu ikawa imeungua. Watu wengi wanadanganyika hapo: «Mbona taa ya nyuma inawaka?» Kisha angalia fizibu, kutu kwenye kikombe cha ampule, na waya wa chini unaoshika chuma. Kwenye moto yenye sanduku la kumwaga, fuata waya mpaka kwenye bawaba. Kila mara sanduku linapoinuliwa, waya unakunjwa na kusuguliwa mahali pale pale.

Kuna ugonjwa wa namna nyingine ambao watu wanaudharau: taa inayowaka saa zote. Wanaonifuata nyuma wananiona, shofere anasema, kuna ubaya gani? Ubaya ni kwamba anayekufuata hawezi tena kujua unasimama saa ngapi, na batri inakwisha. Chomoa kontakta ya pedali. Taa ikizima, kontakta imebana sana au kijiti kimekwama kwa tope. Lakini gusa pia pedali yenyewe. Kama hairudi juu kwa haraka, springi yake kubwa imechoka au mhimili wake hauna grisi, na hapo freni inashika kidogo kidogo safari nzima. Ngoma ya gurudumu inakuwa moto wa kuchoma. Usiijaribu kwa kiganja. Nimefunga malengelenge ya aina hiyo.

Moto nyingine hazina springi. Zina freni ya mafuta, na kontakta imefungwa kwenye bomba la mafuta. Ukiona unyevu kuzunguka kontakta hiyo, usiifungue wewe. Mafuta yatatoka, hewa itaingia, na freni nzima itapotea. Mpe mekanisiye, na moto isitembee. Mafuta ya freni yakikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha njoo kwetu. Na vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Freni za zamani zilitengenezwa kwa amianti, na amianti inaharibu mapafu polepole, miaka mingi baadaye. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

Halafu kuna jambo lisilohitaji ufunguo hata mmoja. Nimesimama barabara ya Kipushi nikatazama: moto nyingi zina taa nzima, lakini gunia la makala linaning'inia mbele yake. Funga mzigo juu ya taa, si mbele ya taa.

Na mtu akigongwa nyuma, damu ibanwe kwa kitambaa safi kwa mkono, bila kuachilia kila mara kuchungulia. Mguu uliovunjika usinyooshwe kwa kuvutwa. Weka mbao mbili pembeni, funga juu na chini ya mahali palipovunjika, halafu ndipo abebwe. Akilalamika shingo, asiketishwe; abaki amelala, kichwa kishikwe kisigeuke, mpaka wafike watu wa kumbeba.

Yule mgonjwa alikaa miezi mitano bila kazi. Moto ile bado inatembea. Kijana anayeiendesha anairudisha kila asubuhi karibu na ukuta wa nyumba kabla jua halijapanda, anakanyaga pedali, anageuka kutazama kama ukuta umekuwa mwekundu, anavuta mkono, anatazama tena. Kazi hiyo haifiki dakika moja.